Seti ya Wim Wenders kutoka Criterion: barabara, mpaka na projekta chakavu

Seti hii ya mwongozaji wa filamu wa Ujerumani inaitwa Wim Wenders: The Road Trilogy. Ilitolewa na Criterion, kampuni ya diski za filamu ya Marekani, mwaka 2016, na ndani yake mna diski tatu za Blu-ray, kila filamu na diski yake: Alice in den Städten ya 1974, Falsche Bewegung ya 1975 na Im Lauf der Zeit ya 1976. Anayetaka kujua jinsi mwongozaji asiye na studio kubwa nyuma yake anavyojijengea kazi, filamu baada ya filamu, atajifunza mengi hapa kuliko katika vitabu vingi. Diski ya tatu peke yake inalipa gharama. Ya pili ndiyo dhaifu, na nitasema kwa nini.

Kwanza deki. Diski hizi zimefungwa kwa eneo A, yaani nchi za Amerika na sehemu ya Asia ya Mashariki. Ulaya na Afrika ziko eneo B. Ukitia diski ya A kwenye deki ya B, utapata ujumbe wa kukataliwa na basi, na hakuna mpangilio wa kawaida kwenye menyu utakaokuokoa. Inahitajika deki inayosoma maeneo yote, na hapo ndipo wengi wanapoliwa: deki nyingi zinazouzwa kwa sifa ya "maeneo yote" zimefunguliwa upande wa DVD tu. Muulize muuzaji waziwazi kama inasoma Blu-ray ya A na ya B. Akianza kukuzungusha, jibu umeshalipata.

Sasa mtu mwenyewe. Wenders alizaliwa Düsseldorf mwaka 1945. Alianza udaktari akaacha, akaanza falsafa akaacha, akaenda Paris akitaka kuwa mchoraji. Chuo cha filamu cha huko kilimkataa, akabaki akifanya kazi kwenye karakana ya kuchonga picha na kumalizia siku zake kwenye viti vya Cinémathèque, jumba la kuhifadhi na kuonyesha filamu za zamani. Mwaka 1967 akaingia chuo kipya cha filamu na televisheni cha Munich, katika kundi lake la kwanza kabisa la wanafunzi. Filamu yake ya kuhitimu, Summer in the City, ilipigwa kwa milimita 16, nyeusi na nyeupe, ikajazwa nyimbo alizozipenda ambazo haki zake hazikulipiwa. Matokeo yake haikuweza kusambazwa kama filamu nyingine. Ni kosa la kila mwanafunzi hadi leo: muziki unawekwa wakati wa kuhariri kwa sababu unapendeza, bili inakuja baadaye, na inakuja kubwa kuliko filamu yenyewe.

Kutoka kipindi hicho cha chuoni seti inatupa filamu fupi mbili, na nashauri uanze nazo kabla ya kugusa kingine. Same Player Shoots Again ya 1967 ni picha moja ya miguu ya mtu anayepepesuka na bunduki mkononi, inarudiwa mara tano, kila mara kwa rangi tofauti, kama mipira mitano ya mashine ya mchezo wa pinball inayoipa filamu jina lake. Silver City Revisited ni mitaa ya mji ikitazamwa kwa kamera isiyosogea, picha moja baada ya nyingine, kila moja ikiachwa hadi ukanda unapoelekea kuisha. Hapo hesabu inasaidia. Ukanda wa milimita 16 wa futi 100, yaani mita 30 hivi, una fremu 4,000. Kwa fremu 24 kwa sekunde ni dakika mbili na sekunde 46. Urefu wa picha unaamuliwa na kopo la filamu. Halafu kwenye picha mojawapo mtu anakatiza reli mbio na treni inapita, na mara moja akili ya mtazamaji inaanza kutunga kisa: huyu ni nani, anakimbia nini? Wenders mwenyewe amewahi kueleza kwamba usimuliaji wake ulianzia hapo. Filamu zote tatu kubwa za seti zinaishi kwenye ubishi huohuo, kati ya kutazama tu na kusimulia.

Alice in den Städten ilizaliwa kutokana na filamu iliyomchosha. Mwaka 1973 alikuwa ametoa The Scarlet Letter, filamu ya mavazi ya kale iliyopigwa Uhispania, ambayo hakuipenda. Kilichomfurahisha humo ni kipande kifupi tu, mwigizaji Rüdiger Vogler akiwa na mtoto Yella Rottländer. Akaamua kuwatengenezea hao wawili filamu yao: mwandishi wa habari Mjerumani aliyekwama Marekani, hawezi kuandika makala aliyolipiwa, anabaki kupiga picha za Polaroid, mara anajikuta na mtoto wa kike wa watu ambaye lazima amfikishe kwa bibi yake mahali fulani Ujerumani. Maandalizi yakiwa yamekwisha, akaiona Paper Moon ya Peter Bogdanovich, filamu ya Marekani ya mwanamume na mtoto wa kike safarini, na akaona kisa chake kimeshatengenezwa na mwingine. Alitaka kuacha. Aliyemwokoa ni Samuel Fuller, mwongozaji mkongwe wa Marekani, aliyekaa naye na kumwonyesha jinsi ya kuugeuza mswada. Upande wa pesa, redio na televisheni ya WDR ilikuwa mshirika, na hilo ni muhimu kulielewa: sinema mpya ya Ujerumani Magharibi haikulishwa na wauza tiketi peke yao, ililishwa sana na vituo vya televisheni vya umma. Msambazaji alikuwa Filmverlag der Autoren, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1971 na waongozaji wenyewe, Wenders akiwa mmoja wao, kwa sababu wasambazaji wa kawaida hawakuwataka.

Sehemu ya Ujerumani ndiyo bora. Mtu na mtoto wanazunguka Wuppertal, ambako treni inaning'inia juu ya mto, kisha miji ya makaa ya mawe ya Ruhr, wakitafuta nyumba kwa kutumia picha moja tu mkononi. Nyumba inapatikana Gelsenkirchen. Bibi hayumo, anakaa mama mmoja wa Kiitaliano. Mwongozaji mwingine angelia hapo. Huyu anaendelea na safari. Karibu na mwisho, ndani ya treni, gazeti linatangaza kifo cha John Ford, aliyefariki Agosti 1973, filamu ikiwa bado inapigwa, basi habari ya kweli ikaingia moja kwa moja kwenye kisa.

Ubora wa picha ya diski hii usiuhukumu kwa kipimo cha filamu za leo. Ukanda wa milimita 16 una eneo dogo sana kuliko wa 35, hivyo chembe, yaani vidoadoa vya ukanda wenyewe, zinaonekana wazi, hasa kwenye anga na kuta za kijivu. Negativi, yaani ukanda wa asili uliopita kwenye kamera, ilikuwa imechakaa, maana nakala za majumba ya sinema zilitolewa moja kwa moja kutoka kwayo badala ya kutengenezewa negativi ya pili ya kazi. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu, na kila mara ukanda unapopita mashineni unapata mkwaruzo mwingine. Usafishaji wa 4K, yaani wa kidijitali wa ukali wa juu, ulisimamiwa na Wenders mwenyewe kupitia taasisi yake, na umefanywa kwa adabu: uchafu umeondoka, chembe zimebaki. Ukiona nyuso zimekuwa laini kama nta, kosa ni la runinga yako. Ingia kwenye mipangilio, zima kipunguza chembe, zima kilainisha mwendo, rudisha ukali wa picha kwenye sifuri au popote mtengenezaji anapoweka sehemu ya kati. Kilainisha mwendo ndicho adui mkubwa zaidi, kwa sababu kinabuni fremu ambazo hazikuwahi kupigwa, na safari za gari za mpigapicha Robby Müller zinageuka kuwa kama matangazo ya mpira.

Umbo la picha nalo linawasumbua watu. Uwiano ni 1.66 kwa 1, na runinga ya leo ni 1.78 kwa 1. Kwa hiyo lazima pabaki ukingo mweusi mwembamba kushoto na kulia, kama pikseli 64 kila upande kwenye picha yenye upana wa pikseli 1,920. Usivute picha ijae kioo. Ukivuta, unakata juu na chini, na Müller alikuwa mtu wa kuacha anga na dari zifanye kazi.

Falsche Bewegung ndiyo ya rangi kati ya tatu. Mswada ni wa mwandishi Peter Handke, aliyeutunga kwa kumfuata kwa mbali Goethe, mwandishi mkuu wa kale wa Ujerumani: kijana anayetaka kuwa mwandishi anaondoka Glückstadt kule kaskazini, anakusanya wenzake njiani, anaishia peke yake juu ya mlima Zugspitze kule kusini. Mwigizaji Hanna Schygulla yumo, na Nastassja Kinski anaonekana kwa mara ya kwanza kwenye filamu, katika nafasi ya msichana asiyesema. Ilizoa tuzo kadhaa za filamu za Ujerumani mwaka 1975. Kwangu ni filamu ya maneno inayojifanya ya safari: watu wanatembea mlimani kando ya Rhine wakisemeshana hotuba, na kamera inawafuata kwa heshima mno. Itazame ukishazitazama nyingine mbili. Sababu nzuri ya kuitazama ni kuona mwongozaji akifanya kazi na mswada uliokamilika kila sentensi, kisha mwaka unaofuata akifanya kinyume chake kabisa.

Kinyume hicho ni Im Lauf der Zeit, dakika 175, na hapa inafaa kukaa. Maandishi ya mwanzo wa filamu yanatoa taarifa zote bila mbwembwe: ilipigwa kwa wiki 11, kati ya tarehe 1 Julai na 31 Oktoba 1975, kati ya Lüneburg na Hof, kandokando ya mpaka wa Ujerumani Mashariki. Mswada haukuwepo, isipokuwa wa sehemu ya mwanzo. Kilichokuwepo ni njia. Wenders alikuwa ametangulia kuipita njia hiyo na kuyatembelea majumba ya sinema ya miji midogo yaliyokuwa yakifa mmoja mmoja, kisha akaifanya ramani kuwa mswada. Mazungumzo yaliandikwa usiku kwa ajili ya kesho yake. Mtu akisikia hivi anadhani ni uhuru mtupu. La hasha: njia hiyo inawezekana tu kama kikosi ni kidogo, magari yanatembea kila siku, watu wamekubali kulala popote, na filamu inapigwa kwa mfuatano, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu huwezi kurudi nyuma kilomita nyingi kurekebisha tukio. Inawezekana pia kwa sababu mtayarishaji na mwongozaji ni mtu yuleyule. Mtayarishaji wa kawaida angeomba mswada kabla ya kutia saini hundi, na angekuwa na haki.

Kisa kinasimulika kwa pumzi moja. Bruno, yaani Vogler tena, anaishi ndani ya lori kuukuu la kuhamishia samani na kuzunguka akitengeneza projekta. Robert, ambaye ni Hanns Zischler, anaendesha Volkswagen yake mbio na kuitumbukiza mto Elbe. Anaibuka na begi lake, anapanda lori, na safari inaendelea bila wawili hao kuulizana mengi. Anayengoja jambo litokee atachoka kabla ya saa ya kwanza kwisha. Uigawe ukitaka, lakini usiigawe kwa dakika. Ngoja lori liingie mji mpya.

Kinachoipa filamu hii uzito wake ni kwamba ufundi wa Bruno ni wa kweli. Kipande cha moyo wa projekta, msalaba wa Malta, kinatajwa na kushikwa mkononi, na anayejua kinafanya nini ataiona filamu nzima kwa jicho jingine. Ukanda haupiti mbele ya taa kwa mwendo wa maji. Unaruka na kutulia, unaruka na kutulia, mara 24 kwa sekunde. Gurudumu lenye pini huzunguka mara moja kwa kila fremu. Pini inaingia kwenye mojawapo ya mifereji minne ya msalaba, inausukuma robo mzunguko, inatoka. Kwenye mhimili wa msalaba kuna gurudumu la meno 16, kwa hiyo robo mzunguko ni meno manne, na meno manne ni matundu manne ya pembeni, yaani fremu moja kamili ya milimita 35. Muda wa kusogea ni robo tu ya mzunguko wa pini. Robo tatu zilizobaki picha imesimama tuli ili macho yaione. Kizibo kinafunika taa wakati wa kusogea. Mifereji ikilika, picha inaanza kurukaruka kioo kizima. Kizibo kikipishana na msalaba, herufi nyeupe zinaota mikia kwenda juu au chini. Mmiliki wa jumba lisilo na watazamaji hana pesa ya kubadilisha kipuri, anavumilia, watazamaji wanapungua zaidi. Filamu inayaonyesha haya bila kuhubiri: projekta zinazotetemeka, mafundi wasiojali, wamiliki waliokubali kuonyesha takataka kwa sababu msambazaji ndiye anayeamua. Mama mmoja mwenye jumba ameamua kulifunga kuliko kuonyesha yale anayopewa, lakini mitambo anaitunza.

Kuna na mpaka. Hawauvuki, wanakwenda ubavuni mwake, wanafika mwisho wa barabara, wanageuza. Katika kibanda cha zamani cha askari wa Marekani ndipo linaposemwa lile neno maarufu kwamba Wamarekani wameitawala hata akili yao ya ndani, na anayesema anasafiri ndani ya lori lenye rekodi za muziki wa Marekani. Mwongozaji anajitania mwenyewe hapo, wengi wanapitwa. Tamasha la filamu la Cannes la 1976 lilimpa tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, na kuanzia hapo njia ikafunguka: The American Friend mwaka uliofuata, miaka ya mateso Marekani kwenye Hammett chini ya Francis Ford Coppola, Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1982 kwa The State of Things, filamu kuhusu kikosi kilichoishiwa ukanda na pesa, kisha Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 1984 kwa Paris, Texas.

Picha ya diski ya tatu ni nzuri ajabu. Hii ilipigwa kwa milimita 35, na tofauti na Alice inaonekana tangu fremu ya kwanza: kijivu kina ngazi nyingi, usiku una giza lenye kina, nyaya za umeme na majani ya kando ya barabara havivunjiki. Ukiwa na nakala ya zamani ya DVD ya Ulaya, angalia urefu wake. DVD za mfumo wa PAL, ule wa televisheni za Ulaya, zinakwenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo dakika 175 zinakuwa 168, na sauti inapanda kidogo. Watu wamewahi kudhani nakala hizo zimekatwa. Hazijakatwa, zinakimbizwa. Kwa filamu iliyojengwa juu ya mwendo wa lori, asilimia nne si kitu kidogo.

Manukuu ni ya Kiingereza pekee. Katika Alice wahusika wanachanganya Kijerumani na Kiingereza, na maandishi yanatokea Kijerumani kinaposemwa. Asiyejua Kiingereza vizuri atapoteza sehemu ya Marekani, na hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo. Tahadhari nyingine: diski ya tatu si ya kutazama na watoto. Kuna mwili wa binadamu humo katika shughuli zake za faragha zaidi, bila kificho.

Kati ya nyongeza, usiruke Restoring Time, filamu fupi kuhusu usafishaji, kwa sababu inagusa jambo ambalo masimulizi ya mafanikio hulipita. Kampuni ya Wenders ya Road Movies ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, haki za filamu zake zilimtoka mikononi. Mtu mwenye Palme d'Or hakuwa na mamlaka juu ya negativi zake mwenyewe. Mwaka 2012 yeye na mkewe Donata walianzisha taasisi Düsseldorf, Wim Wenders Stiftung, kwa ajili ya kuzirudisha haki hizo na kuziweka kwenye taasisi, si kwenye jina la mtu, ili zisiuzwe tena wala kugombewa na warithi. Usafishaji wa 4K ulikuja baada ya hapo. Hakuna anayelipia kusafisha filamu asiyo na haki ya kuionyesha. Mahojiano mapya ya Wenders na mwongozaji Michael Almereyda yanasaidia pia, ingawa Wenders mzee ni mpole mno kwa Wenders kijana.

Bei ya kawaida ni kubwa, na Criterion huwa na vipindi vya nusu bei, ngoja hicho. Kama deki yako ni ya eneo B na huna nia ya kubadilisha, tafuta diski za Ulaya zilizotokana na usafishaji huohuo wa taasisi, ukikagua nyuma ya kasha lugha za manukuu kabla ya kulipa, kwani diski za soko la Ujerumani mara nyingi hazina manukuu ya lugha nyingine kabisa.